Redio ya Mama na Kelele za Nguzoni

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Imetosha kuchafua sakafu ya saluni, haikutosha kujaza pipa.

Daftari hili mume wangu aliniachia alipoondoka. Alisema niandike mambo ya nyumbani, ili akirudi asome asijione mgeni kwake. Mpaka leo nilichoandika ni vipimo vya mapazia tu. Najaribu tena kwa sababu leo kuna jambo: mafundi wa shirika la umeme wamepanda nguzo iliyo mbele ya saluni wakafunga kisanduku cha kijivu. Mtaa wetu uko bondeni na mtandao wa simu hauteremki huku. Ukitaka kupiga simu inabidi uparamie stuli ya wateja pale dirishani, unyooshe shingo. Sasa wanasema intaneti itapita humo humo kwenye waya wa umeme mpaka kwenye soketi ya ukutani. Nikamuuliza fundi kama haitaungua njiani. Alicheka mpaka akakumbatia nguzo.

Mama mkwe alikuwa kibarazani, redio mapajani. "Wanaweka nini?" Nikamweleza. Akasema, "Mh."

Hiyo mh yake nimeishi nayo miaka sita na bado siwezi kuifasiri.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwona mume wangu! Uso mzima, si ile sauti inayokatika kama ya mtu anayezama. Ana alama ya kofia ya kazini kwenye paji la uso, na vumbi la handaki kwenye kope. "Umenenepa," akaniambia. Nikamwambia ni kioo cha simu. Zamu yake huko huisha jua la huku linapozama, kwa hiyo saa yetu itakuwa hiyo hiyo kila siku.

Nikamwita Mama aje amwone mwanawe. Akaja, akatazama, akamwambia, "Kula," kisha akarudi zake kibarazani kwa sababu saa ya redio ilikuwa imefika. Mtoto wake wa pekee! Hajamwona tangu alipopanda ndege! Nilikasirika kwa niaba ya mume wangu, ambaye mwenyewe alicheka tu.

Jumapili, 15 Machi

Mama anasema redio inakaanga.

Jumanne, 17 Machi

Redio bado inakaanga. Na mimi nakaangwa nayo.

Hii redio nieleze kidogo. Ni ya zamani, ya mkono wa kubebea na antena iliyofungwa uzi. Mama aliolewa huku akitokea mbali, ng'ambo ya mpaka, na lugha ya kwao hapa mjini haisemwi na mtu. Mume wangu mwenyewe anajua salamu na matusi tu. Lugha hiyo ina kipindi cha nusu saa kila jioni kwenye masafa mafupi. Mama hutega sikio kipindi chote, kichwa ameinamisha, na ukipita na ndoo anakutazama kama umeingia na viatu mahali pa kusalia.

Nikamwambia, "Mama, huenda ni mvua."

"Mvua naijua. Mvua haikaangi."

"Basi betri."

Akanionyesha betri. Alikuwa amezipanga pembeni ya jiko zipate joto.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimeaibika mbele ya wateja.

Mama Mapacha, jirani yetu na mteja wangu mkubwa, alikuwa ameketi chini ya draya na rola kichwa kizima. Mara mashine ikazima. Nikageuka. Mama mkwe amesimama ukutani, plagi mkononi, kaishika kama mtu aliyekamata nyoka kichwani.

"Mama, unafanya nini?"

"Ni hii inayokaanga redio yangu."

"Mama, nywele za watu zitaharibika!"

"Nyamaza kidogo." Akatega sikio. Redio huko kibarazani ikaendelea kukaanga vile vile. "Basi siyo hii," akasema. Akanikabidhi plagi, akaondoka bila hata samahani.

Mama Mapacha akasema kutoka chini ya kofia ya mashine, "Shoga yangu, una mtihani." Wote wakacheka. Nikacheka nami, ila moyoni nilikuwa nimemchoka yule mama. Niandike ukweli, maana mume wangu atasoma: nilimchoka.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeipeleka redio kwa fundi, kule stendi. Amefungua, amepuliza, amebadilisha kidude kimoja. Ikaimba kibandani kwake kama kinanda. Nimerudi nayo nimeibeba kifuani, khanga juu yake na mvua juu yangu. Kuiwasha nyumbani: chwaaaa.

"Fundi wako mwongo," Mama akasema.

Jumatano, 25 Machi

Wateja wengi. Wanakuja hata wasiosuka, wanakaa na simu zao wanasema wanasubiri mvua ikatike. Mvua imekatika kitambo.

Jumapili, 29 Machi

Leo nimejifunza jambo, niliandike lote.

Jioni radi ilipiga upande wa transfoma, umeme ukakatika mtaa mzima. Mume wangu alikuwa katikati ya sentensi: "Nikirudi nataka tu..." Kioo kikaganda mdomo wake wazi. Nilibaki gizani nimeshika simu, karibu nilie. Majirani wote waliguna kwa pamoja, ungesema timu ya mtaa imefungwa bao.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ikisoma. Safi kabisa, kama yumo ndani ya nyumba. Ilitoka kibarazani.

Nikatoka na mshumaa. Mama alikuwa ameiweka redio sikioni, na uso wake, sijui niuelezeje. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshushwa mzigo. "Umeme umekufa, redio imepona," akasema. Sote wawili tukatazama nguzo, na kile kisanduku cha kijivu juu yake.  Haikuhitaji elimu.

Nikakaa. Miaka sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimekaa naye kusikiliza. Yule mwanamke wa redioni hakuwa akisoma habari. Alikuwa anasoma kitu, anatua, anasoma, anatua. Nikauliza, "Anasoma nini?"

"Majina."

"Majina ya nani?"

Mama akangoja kwanza mpaka kipindi kiishe, akazima ili betri zisiliwe bure. Kisha akaniambia. Mwishoni mwa mwaka jana mto wa kwao uliacha njia yake, ukapita katikati ya vijiji. Waliookoka wametawanyika huku na huku, wengine kambini, wengine kwa watu baki. Kila jioni redio inasoma jina la mtu, la baba yake, la kijiji chake, mahali alipo na anayemtafuta.

"Lakini Mama, tulipokuuliza kuhusu mafuriko ulisema wote wazima."

"Nilisema."

"Na sivyo?"

"Sijui. Ndiyo maana nasikiliza."

Anamtafuta mdogo wake, kitindamimba wa kwao. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Nilimjua huyo mjomba kwa jina tu, kwa kuwa mume wangu humsimulia: ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akamwachia kovu la goti.

"Usimwambie mwanangu," Mama akasema. "Akisikia ataacha kazi, ataenda kuchimba tope kwa mikono. Na huenda hakuna wa kuchimbuliwa. Niapie."

Nikaapa. Wiki mbili na ushee zile kelele zimefunika majina. Huenda lake lilishapita.

Jumatatu, 30 Machi

Umeme umerudi. Mtaa umeshangilia. Mama ameingia ndani, amefunga mlango.

Alhamisi, 2 Aprili

Siku zote hizi nimekuwa nikiongea na mume wangu jioni, huku najua. Nakaa kwenye stuli natabasamu, na nyuma ya ukuta nasikia chwaaa, na mtu anayezungusha kitufe taratibu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Leo akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Nikahisi ulimi mzito kama nimekunywa dawa.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimechomoa kwenye soketi kisanduku changu kidogo cha intaneti kabla ya jua kuzama. Nilidhani nitatatua kila kitu kwa mkono mmoja. Redio ilipunguza kukaanga kidogo tu, kama sufuria iliyofunikwa. Kelele zinatoka kwenye waya wa mtaa mzima. Yangu ni tone tu.

Mama aliniona nimeshika waya. Hakusema mh.

Jumanne, 7 Aprili

Ofisi ya shirika la umeme. Kijana wa mapokezi, mpole, shati limepigwa pasi. Akasikiliza yote, kisha akasema hakuna mwingine aliyelalamika.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Hapana dada, sijasema hivyo. Lakini mbona bibi asisikilize redio kwenye simu? Kila stesheni iko mtandaoni siku hizi."

Ni wazo zuri, nikajilaumu kwa kutolifikiria. Tukaitafuta pamoja. Stesheni tukaipata, lugha zake kubwa zote zimo. Ile ya Mama haimo. Nusu saa yake inarushwa hewani tu, basi. Yule kijana akakuna kichwa. Alisema atamwambia mhandisi. Nilimwamini kwa sababu alionekana ameudhika yeye mwenyewe.

Jumatano, 8 Aprili

Mama ana dawa yake. Nyuma ya mtaa, ukipita nguzo ya mwisho, kuna tanuri la matofali lililoachwa, na banda la mabati pembeni yake. Leo alinyanyuka na mwavuli na redio bila kuaga. Nilimfuata mbio na viatu vya saluni. Njia ni tope tupu, ananiegemea huku ananikemea kwamba namwegemea. Tukakaa juu ya matofali mabovu. Akawasha.

Safi. Maji ya kisimani.

Majina yalisomwa. Lake halikuwemo.

Alhamisi, 9 Aprili. Halikuwemo.

Ijumaa, 10 Aprili. Halikuwemo. Mvua ya mawe.

Jumatatu, 13 Aprili

Halikuwemo.

Mume wangu amelalamika kwa ujumbe: "Mbona jioni hupatikani? Kuna nini?" Nimejibu wateja ni wengi. Nilivyokuwa nakililia kile kisanduku, na sasa saa yetu naitumia kuhesabu matone kwenye mabati.

Lakini niseme hili pia. Njiani Mama huongea. Nyumbani haneni, ila ukimpa tope na mwavuli, anaongea. Kaniambia alipoolewa hakujua hata neno moja la Kiswahili. Sokoni alikuwa anaonyesha kwa kidole, mpaka siku aliyotaka chumvi, na chumvi haikuwa inaonekana ilipo. Alirudi nyumbani akalia. "Nililia kwa ajili ya chumvi!" Akacheka mpaka mwavuli ukapinduka. Na juu ya mimi kutojaliwa mtoto, jambo ambalo nimekuwa nikilingojea alitamke nilipangie jibu, kasema tu, "Wewe ulidhani nitakusema? Mimi nilingoja miaka tisa."

Jumamosi, 18 Aprili

Mhandisi amekuja. Mwanamke, buti za mvua, nywele zilizohitaji mkono wangu. Alikuja na chombo chake cha kupimia, akakizungusha chini ya nguzo, akaandika, akasogea, akaandika. Kisha akamwomba Mama redio. Akaisikiliza inavyokaanga kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Pole, Mama," akasema. "Kelele ni zetu."

Nilitaka kumkumbatia kwa hilo neno moja.

Alieleza vizuri nikaelewa. Intaneti inasafiri kwenye waya kwa mawimbi, na waya mrefu juu ya nguzo ni antena, hata kama hukukusudia. Inamwaga mawimbi yale yale inayoyatafuta redio. "Masafa ya ndege na ya uokoaji tuliyaruka tangu mwanzo," akasema, "kama unavyoruka dimbwi njiani. Ya Mama hatukuyaruka kwa sababu hatukujua kuna mtu hapo."

"Sasa mmejua," Mama akasema.

"Tumejua. Lakini tukiyaruka, mwendo wa intaneti ya mtaa utapungua kidogo. Nami bosi wangu atataka kusikia kwamba mtaa umekubali, maana ni huduma ya majaribio."

Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema, "Wengi hawatagundua. Lakini ukiwaambia, wote watagundua."

Jumapili, 26 Aprili

Kikao cha mtaa kwa mwenyekiti, sebuleni kwake, viti havikutosha. Mhandisi alieleza kama alivyonieleza mimi. Nami nikasimama nikasema tunaomba masafa ya redio ya Mama yarukwe, basi. Kwa nini, sikusema. Mama alikuwa amenikataza kutangaza msiba ambao haujawa msiba.

Kwa hiyo ikaonekana ni bibi mmoja na miziki yake.

Mama Mapacha ndiye aliyesimama. "Mimi wanangu wana mtihani mwaka huu," akasema. "Walikuwa wanapanda mlima na madaftari kutafuta mtandao. Sasa wanasoma mezani, nawaona. Leo mnataka nipunguziwe kwa ajili ya redio? Shoga yangu nakupenda, lakini hapana."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Wale mapacha nawajua, nimewaona wakishuka mlimani wameloa. Angekuwa mimi, na mimi ningekuwa yeye, ningesema vile vile.

Mwenyekiti akasema tutafakari. Maana yake hapana.

Jumanne, 28 Aprili

Mama Mapacha hakuja kusuka. Nimesikia kasuka kwingine. Mama anakohoa.

Jumatano, 29 Aprili

Homa. Tumekwenda zahanati, daktari kasema kifua, kampa dawa na kukataza baridi. Ile mvua ya tanurini. Jioni alitaka kuamka aende, nikamrudisha kitandani kwa nguvu, akaniita jina la lugha ya kwao ambalo najua si salamu.

Majina ya leo hakuna aliyeyasikiliza.

Alhamisi, 30 Aprili

Lazima niandike leo leo.

Jioni Mama akasema, "Nenda wewe."

"Mimi? Mama, sijui hata neno moja!"

"Jina utalijua." Akanifundisha vitu vitatu: jina la mdogo wake, la baba yao, la kijiji. Akanirudisha mwanzo tena na tena kama mtoto wa chekechea. "Yakifuatana hayo matatu, shika kila kinachofuata. Usikielewe. Kishike tu."

Ningerekodi kwa simu, ila ni moja tuliyo nayo, na ilibidi nimwachie Mama, kifua kikimbana amwite jirani. Nikamwekea mkononi, nikaenda.

Banda lilikuwa linavuja. Nilikaa nimekumbatia redio ndani ya khanga. Yule mwanamke akaanza kusoma. Lugha usiyoijua ni kama mvua, haina pa kushika. Majina yalipita, nikawa naogopa limeshapita nami nimekaa tu kama gogo. Kisha nikalisikia. La kwanza. Nikasema labda ni mwingine, majina yanafanana. La baba likafuata. Kijiji kikafuata.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikaanza kusema naye, neno kwa neno, nyuma yake, kama mtu anayefuata nyayo kabla hazijajaa maji. Alipotua nikazima redio nisisikie kingine, nikatoka mvuani bila mwavuli, nikiyarudia. Niliyarudia njia nzima. Niliyabeba mdomoni kama maji viganjani, nikiogopa kujikwaa.

Penye kona nikakutana na Mama Mapacha. "Habari za jioni," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe. Ningejibu ningeyamwaga yote. Nikampita nikibwabwaja maneno yasiyoeleweka, mvua ikinichuruzika. Nilimwona anashika kifua.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Sikufunga hata mlango. Nikayatoa yote.

Akanitazama. "Rudia."

Nikarudia.

"Tena. Polepole. Hapo mwisho umesema ana mbuzi wawili."

"Ndivyo alivyosema!"

"Sivyo. Usiinue sauti mwishoni. Ishushe."

Nikaishusha.

Mama akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani amefiwa. Nikapiga magoti nikamshika, naye akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana, mpaka akapata pumzi. "Wajukuu," akasema. "Ana wajukuu wawili. Yuko hai, yuko kambini, ana wajukuu wawili, anamtafuta dada yake aliyembeba."

Tulilia, tukacheka kwa ajili ya mbuzi, tukalia tena. Baadaye, alipotulia, akasema kwa sauti ndogo, "Hakumtaja mke wake. Wala mwanawe, baba wa hao watoto."

 Nikamkausha miguu, ingawa iliyoloa ni yangu.

Ijumaa, 1 Mei

Asubuhi Mama akasema, "Sasa mwambie mwanangu."

Nikachukua simu nikampigia, sikungoja jioni. Nilipomaliza kueleza alikuwa ameshavua kofia, ameishika mkononi. Akasema, "Yaani ulikuwa unakaa kwenye matope kila siku, mimi nakununia?" Kisha akauliza yuko kambi gani, akageuka pembeni asionekane. Mtu mzima na ndevu zake. Mama akachukua simu, akaisogeza usoni karibu sana mpaka alichokiona mwanawe ni pua tu, akakaa naye mpaka zamu ilipomwita. Hakutazama saa hata mara moja.

Jumamosi, 2 Mei

Mama Mapacha kaja saluni, kasimama mlangoni. "Nimekuja kuuliza," akasema. "Umerukwa na akili, au umeniapiza? Nijue."

Nikamkalisha, nikaanza kumfumua nywele huku namweleza yote. Mama alikuwa ameshaniruhusu. Alisikiliza mkono shavuni. Nilipofika kwenye mbuzi alicheka, nilipofika kwa mke asiyetajwa akafuta macho.

"Mbona hukusema pale kikaoni?"

"Nilikatazwa."

"Watu mna siri za kuua." Akasimama, nywele nusu zimefumuliwa, akafunga kitambaa. "Nakwenda kwa mwenyekiti. Wanangu watasoma polepole kidogo. Wana haraka ya kwenda wapi?"

Jumapili, 3 Mei

Stesheni ina namba ya kupokea salamu za sauti kwa intaneti. Mama akakubali kurekodi, ila akanifukuza chumbani. "Unanitia aibu." Nilisimama nje ya mlango kama mwizi. Aliongea kwa muda, akakohoa, akaendelea. Ujumbe ukaondoka kupitia soketi ile ile iliyotutesa. Haikuchukua hata muda wa kufumba jicho.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua kidogo. Mama amepona kikohozi, amerudia kunikemea.

Jumatatu, 11 Mei

Mhandisi amepiga simu kutoka ofisini kwao. "Mwenyekiti wenu ametupigia mara mbili, na mama mmoja ametupigia mara nyingi zaidi. Washeni redio."

Tukaiwasha. Chwaaaa.

"Ngojeni," akasema. Nikasikia anabonyeza vitu vyake. Na kelele zikaondoka, si zote, zikabaki kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, na juu yake sauti ya mtu akipiga ngoma mbali huko duniani. Mama akasema kwa sauti kubwa upande wa simu, "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Mhandisi akaomba arudie, kwa sababu bosi wake alikuwa amesimama karibu.

Jioni wateja walilalamika kwamba intaneti imekuwa nzito. Nikawaambia ni mwendo ule ule wa jana. Wakasema labda.

Jumatano, 20 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nguo zimekauka. Mume wangu amepata namba ya mtu wa kambini. Mjomba atatafutwa aje kwenye simu, bado hajapatikana. Tunangoja.

Ijumaa, 22 Mei

Leo wameirusha sauti ya Mama.

Tulikuwa saluni, taa zote zinawaka, mume wangu kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la mafuta ya nywele. Mama Mapacha alikuwa chini ya draya, akaizima mwenyewe. Yule mwanamke akatangaza, kisha akaongea Mama, kwenye redio yake mwenyewe, naye akaketi hapo anajisikiliza, mikono imelala mapajani.

Wiki hizi amekuwa akinifundisha. Najua dada, najua kaka, mjukuu sitamsahau. Najua hai. Nikawa naokota moja moja: ndugu yangu, niko hai, mwanangu yuko mbali kazini. Mume wangu alikuwa anajaribu pia, midomo ikicheza. Kisha likapita neno ambalo nalo nalijua, nilijifunza juzi tulipokuwa tunapanga maneno ya familia. Alikuwa anamweleza mdogo wake anakaa na nani.

Alisema anakaa na binti yake.

Nikamgeukia. "Mama, wewe si una mtoto mmoja tu, wa kiume? Binti ni yupi?"

Hakunitazama. Akaongeza sauti ya redio.

"Nyamaza," akasema, "nasikiliza."